Uzi Mnene wa Siilili

Masikio ya Mama yalianza kufunga kutoka juu. Kwanza alipoteza ndege, kisha mlio wa simu, kisha sauti za wanawake kanisani. Trekta la jirani alilisikia. Ngurumo za Mlima Elgon alizisikia, na mimi nikikohoa sebuleni aliniuliza kutoka jikoni kama nimemeza dawa. Lakini dada yangu akipiga simu kutoka Nakuru, Mama alinipa simu na kusema mtandao siku hizi umeharibika.

Daktari wa masikio mjini Kitale alinichorea mstari kwenye karatasi. Ulianza juu upande wa kushoto, ukashuka kulia kama paa la nyumba. Alisema hata hicho kilichobaki kitakwenda, ila hakujua kama ni baada ya mwaka au baada ya miezi michache. Vifaa vya kuvaa masikioni tulivijaribu. Vilipiga mluzi kutwa nzima. Mama akavitoa, akavitia kwenye kopo la sukari tupu, hakuvigusa tena.

Siku ile ya karatasi, tukiwa tumeketi kwenye benchi nje ya kliniki, aliniambia kitu kimoja.

"Kabla hayajafunga kabisa, nataka nisikie ule wimbo wa babako. Ule wa kuvuka Nzoia. Uupige wewe na mkono wako, pale nyumbani."

"Mama," nikamwambia, nikiinua sauti mpaka mlinzi akageuka, "hiyo ni kazi ya wiki mbili."

Sikusema hivyo kwa upuuzi. Nina diploma ya muziki, na nimeipata kwa jasho langu. Niliondoka nyumbani nikaenda nchi za Ghuba kuosha vyombo katika hoteli. Nilipoona kuna Mfilipino anapiga fidla kwenye ukumbi wa chakula, nikamwomba anifundishe saa zake za mapumziko. Baadaye nikajilipia masomo ya jioni, miaka minne, nikiwa nimesimama jikoni tangu alfajiri. Hakuna mjomba aliyenisukuma, hakuna mbunge aliyeniandikia barua. Miaka mitatu ya mwisho nilivaa suti nyeusi na kupiga fidla katika ukumbi uleule ambao vyombo vyake nilikuwa nikiviosha. Niliporudi, nilimjengea Mama nyumba ya vigae huku Kiminini, ya kwanza ya aina yake katika barabara yetu. Cheti changu kiko ukutani, na kila mgeni hukisoma kabla hajakaa.

Kitu kimoja tu sikukifanya. Baba alipofariki, mkataba wangu haukuniruhusu kutoka, na pasipoti yangu ilikuwa kwenye kabati la mwajiri. Walimzika bila mimi. Baba ndiye aliyekuwa mpigaji wa siilili, zeze letu la nyuzi mbili, na watu wa Bungoma walimjua kuanzia Kimilili mpaka Kanduyi. Zeze lake nililikuta limening'inia jikoni, limekolea moshi, uzi mmoja umekatika.

Wimbo wa kuvuka Mto Nzoia aliutunga walipohama kutoka mteremko wa ng'ambo ya mto kuja kwenye shamba hili. Mama alikuwa bibi arusi bado. Alibeba mbegu za wimbi kichwani, maji yakamfika kiunoni, na Baba akasimama ng'ambo akamtazama badala ya kumsaidia, kwa sababu, alisema, aliogopa kuangusha zeze. Mama alimlaumu kwa hilo maisha yao yote. Baba akatunga wimbo wa kuomba msamaha. Rekodi nzuri haikuwepo. Kaseti ya zamani ilikuwa imeliwa na joto, na katika simu ya binamu yangu kulikuwa na dakika moja ya matanga, ngoma imefunika kila kitu na mtu anauliza chai iko wapi.

Basi nilianza peke yangu, katika chumba changu cha kufundishia Kitale. Nilitoa nyuzi za Baba za kuvulia samaki, nikaweka nyuzi za fidla za chuma, nzuri, nilizokuja nazo. Nikazilinganisha kwa mashine. Nikaondoa ulimbo mweusi uliokuwa umegandamana juu ya kigogo cha zeze, nikapaka upinde dawa safi ya fidla. Nikalishika zeze chini ya kidevu, maana huko ndiko mkono wangu ulikozoea. Baada ya siku kumi niliupeleka wimbo Kiminini, nikaketi mbele ya Mama, nikaupiga kama nilivyoukumbuka tangu utotoni.

Alisikiliza akiwa ameinama. Nilipomaliza akasema, "Ni safi."

"Umesikia vizuri?"

"Nimesikia kidogo. Ni safi kama maji ya kuchemsha. Babako hakuwa hivyo."

Usiku huo sikula. Nilikuwa nimepigia mabalozi, nikapigiwa makofi na watu waliovaa dhahabu, na mama yangu alikuwa ameniambia mimi ni maji ya kuchemsha.

Aliyebaki anayeujua wimbo ule alikuwa mtu mmoja. Baba alipokuwa akialikwa kwenye sherehe na matanga, alikuwa na mwanamke wa kumwitikia. Yeye hakugusa zeze. Kwa desturi ya enzi zao mwanamke alishika njuga, hakushika upinde. Lakini alizunguka na Baba miaka mingi, na huo ulikuwa ugomvi mkubwa wa nyumba yetu. Mama alikuwa akipalilia mahindi huku mtu mwingine akienda kuimba wimbo wake, wimbo wa maji yaliyomfika yeye kiunoni. Watu walisema maneno. Siku moja huyo mwanamke alikuja kumletea Baba ujumbe wa matanga, Mama akampokea langoni na jembe mkononi. Tangu hapo jina lake halikutajwa kwetu.

Nilimpata mjini Chwele, siku ya soko, akiuza mbegu za mboga za kienyeji: saga, mrenda, kunde, kila moja katika kopo lake. Mzee sasa, mwembamba, mwavuli wa kampuni ya simu umefungwa kwenye fito juu ya kichwa chake. Nilimwamkia kwa heshima, nikajitambulisha, nikamweleza kuhusu diploma yangu ili ajue anazungumza na mtu wa kazi hiyo.

Alinitazama viatu, kisha uso. "Ati diploma ya zeze?"

"Ya muziki, mayi," nikasema, nikimwita mama kwa lugha yetu. "Fidla."

"Na hiyo diploma haijui kulia?"

Wenzake waliouza vitunguu wakacheka. Nikalitoa zeze kwenye mfuko, nikaliweka chini ya kidevu. Akafunika macho kwa kiganja.

"Wewe kijana, hiyo kitu unashika kama unataka kuipiga busu. Weka kwa tumbo. Babako alikuwa anaweka kwa tumbo, inatetemesha chakula. Na hii waya ni ya nini? Unafunga nayo ng'ombe?"

Nilikasirika, lakini niliketi. Niliketi siku zote za soko za miezi mitatu. Nilirudisha nyuzi za kuvulia samaki. Nilinunua ulimbo kwa mzee wa dawa za miti, nikaugandamiza juu ya kigogo ili upinde uwe unaugusa ukipita. Sauti ikakwaruza kama ilivyotakiwa. Yeye alinifundisha kwa mdomo peke yake. Aliuimba uzi mwembamba puani, "ndii, ndii-nde," mikono imelala juu ya mbegu, na kila nilipokosea alisema, "Hapana, hapo babako alikuwa anachechemea." Maana mkono wa Baba ulivunjika akiwa kijana, na upinde wake ulirudi ukiwa umechelewa kidogo. Mimi niliyefundishwa kuurudisha kwa wakati kamili ilinibidi nijifunze kuchelewa kwa mkono mzima usio na kasoro. Hakuna jambo gumu zaidi nililowahi kufanya. Nakala ya noti niliyoiandika nilimwonyesha, akaitumia kufungia saga ya mteja.

Mama nilimdanganya nakwenda kununua vitunguu.

"Vitunguu gani vinanunuliwa kila soko?" aliniuliza. "Umefungua hoteli?"

Na kila nikirudi nilimpigia nilichojifunza, naye alitikisa kichwa kukataa, mahali palepale. Kila mstari wa wimbo ule una nusu mbili. Zeze linaita, kisha kuna pengo, na katika pengo lile mwitikiaji anajibu. Mayi wa Chwele alinieleza wazi: "Hapo babako ananyamaza. Hapo ni kwangu." Ndivyo nilivyopiga. Niliita, nikanyamaza.

"Mbona unanyamaza?" Mama akasema.

"Hapo ni pa mwitikiaji, Mama."

"Babako hakuwa ananyamaza hapo."

Nilimweleza kuhusu wito na mwitiko. Nilimchorea. Nilimwambia kwa sauti kubwa kwamba nimesoma jambo hili, kwamba liko katika muziki wa Afrika nzima, na kwamba kumbukumbu ya mtu mzima huchanganya. Alinisikiliza mpaka mwisho, au alinitazama mpaka mwisho, akasema, "Sawa, mwalimu."

Wiki zikapita hivyo. Mama aliniambia zeze halinyamazi pale, mayi akaniambia linanyamaza, na mimi nilimwamini yule aliyekuwa na masikio mazima. Nilidhani kinachokosekana ni ufundi. Nilifanya mazoezi mpaka ncha ya kidole changu ikapasuka, nikaifunga plasta, nikaendelea. Nilifuta vipindi vya wanafunzi wangu wa Kitale, hata mtoto wa meneja wa benki. Na Mama alizidi kwenda mbali. Mwezi wa mvua alisikia radi, hakusikia mvua kwenye vigae. Alianza kuongea kwa sauti kubwa sana, kisha kwa sauti ndogo sana. Jioni moja mbwa alibweka nyuma yake, akaendelea kuchambua maharagwe. Nikatoka nje, nikasimama karibu na tangi la maji, nikalia kama mtoto, mimi niliyemaliza miaka tisa ugenini bila kutoa chozi.

Nikarudi ndani nikamwambia ukweli. Niliuandika kwa herufi kubwa nyuma ya kalenda, kwa sababu sikutaka kuupigia kelele. Niliandika nilikokuwa nikienda na kwa nani. Niliandika kwamba sijui tena la kufanya, ila kumleta mwenyewe aje aimbe pengo lake.

Aliisoma polepole. Akageuza kalenda akaangalia mwezi, kana kwamba jibu liko huko.

"Bado ako na meno?" akauliza.

Nikaonyesha kwa vidole: matatu, manne.

"Mlete. Aje mchana, watu wamuone akiingia. Na asilete zawadi."

Nilimchukua kutoka Chwele kwa gari la kukodi, na njia nzima, Kimilili, Kamukuywa, mpaka Kiminini, alishikilia kopo la mbegu mapajani.

"Mayi, alisema usilete zawadi."

"Hii si zawadi. Ni mbegu."

Mama alikuwa ameketi barazani, amevaa nguo ya kanisa. Majirani wawili walijifanya wanarekebisha ua. Mama na mayi walisalimiana kwa mikono, vizuri, kwa muda mrefu kuliko kawaida, na Mama akasema, "Umezeeka, mulamwa." Ni neno la kumwita shemeji. Sijui kama alilitoa kama kiti au kama kofi.

"Na wewe hausikii," mwenzake akasema.

"Ati?"

"Nimesema umependeza."

Nikaweka zeze tumboni, nikaanza. Niliita. Mayi akaingia katika pengo kwa sauti ile nyembamba ya puani, sauti ya zamani iliyowafanya hata wale majirani kuuacha ua. Nikajua nimeupata wimbo wa Baba mzima, nusu kwa nusu. Nikamtazama Mama.

Alikuwa ananitazama mimi kwa huruma. "Bado unanyamaza," akasema.

Hakusikia kitu. Sauti ile ilikuwa juu mno. Ilikuwa imekwenda na ndege na simu, tangu mwaka uliopita pengine, na mimi mwenye diploma, niliyechorewa mstari ule na daktari, sikuwa nimewaza kwamba mwitiko wote uko upande uliokwisha kuporomoka. Miezi mitatu ya masoko. Niliweka upinde chini. Nilimwambia mayi kwamba Mama hamsikii, kwamba hata kama angemsikia anashikilia kuwa Baba hakunyamaza, kwamba tumechelewa, na kwamba akipenda nimrudishe nyumbani.

Mayi hakusimama. Alikuwa anamtazama Mama, na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Anasema hakunyamaza?"

"Kila siku. Nilidhani anasahau."

"Hasahau." Alishusha sauti, ingawa haikuwa na haja. "Wakati wa kwanza kabisa sikuwepo. Babako alikuwa anapigia huyu, nyumbani, peke yao. Mwenyewe anaita, mwenyewe anajibu. Alipoanza kualikwa ndiyo akanitafuta, akanipa hiyo majibu niimbe. Akanifundisha na uzi. Hii," akanyoosha kidole, mara ya kwanza kuligusa zeze tangu nimjue, akagonga uzi mnene. "Nilitoa kwa hii."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza babako alipiga nini. Uliuliza mimi niliimba nini."

Hiyo ndiyo ilikuwa kweli yote, na nilikuwa nimeiruka. Wimbo aliokuwa anauomba Mama haukuwa ule wa kwenye sherehe. Ulikuwa wa kabla, ambao kwa masikio yake ulikuwa bado na njia ya kuingilia, maana uzi mnene ni wa chini, unasikika kama trekta la mbali. Kama ningemwamini miezi mitatu nyuma, angeusikia ukiwa mzima.

Tulianza palepale. Mayi alisogeza kiti mbele yangu, akauteremsha mwitiko kutoka puani hadi kifuani, kipande kwa kipande, akiuimba kama mwanaume, akikohoa katikati, na mimi niliutafuta kwenye uzi mnene ambao siku zote nilikuwa nimeutumia kwa kuvuma tu. Ulikuwa mzito. Kidole kilichofungwa plasta kiliteleza. Sauti ilitoka kama mlango wa ghala. Katika ukumbi wangu wa hoteli wangeniomba niondoke.

Mama aliinua kidevu.

"Hapo," akasema. "Lakini unakimbia. Alikuwa anavuta."

Nikavuta.

"Zaidi. Alikuwa anaomba msamaha, hakuwa anaenda sokoni."

Mayi alicheka, na Mama akaona kicheko, naye akacheka bila kujua cha nini. Tuliurudia. Mistari miwili, mitatu, minne. Mama alitikisa kichwa akifuata, macho yake kwenye mdomo wa mayi, na hofu mpya ikaniingia. Alikuwa anasikia, au alikuwa anasoma midomo? Labda alikuwa anatufurahisha tu, kama mama anavyofanya mtoto akimwimbia. Nilishindwa kuvumilia. Katikati ya mstari wa tano niliinua upinde bila kusema kitu. Mayi aliendelea kuimba, mdomo ukienda, bega likienda.

Kichwa cha Mama kilisimama. Akaacha kumtazama mwenzake, akageukia mkono wangu.

"Umechoka?" akaniuliza.

"Hapana, Mama."

Nikaurudisha upinde kwenye uzi. Tulifika mwisho wa wimbo, tukaurudia mzima mara mbili, kwa nyuzi zote mbili, mayi akiwa amenyamaza sasa, mikono yake imelala juu ya lile kopo la mbegu. Mara ya pili nilikosea pahali pamoja, na Mama alikunja uso pahali hapohapo. Mimi niliyepigiwa makofi na mabalozi, uso ule ndio ninaouweka juu ya vyote.

"Sasa nimesikia," alisema. "Pumzisha mkono. Mpe mgeni chai."

Mayi alikunywa vikombe viwili, akaacha kopo lake chini ya kiti, na Mama hakumwambia alibebe. Nilipomrudisha Chwele jua lilikuwa bado juu.

Nilikuwa nimepanga kumpigia zeze kila jioni. Nilimpigia siku nne. Siku ya kwanza na ya pili alifuata kwa kichwa. Ya tatu aliniambia nisogee karibu, nikasogea mpaka magoti yetu yakagusana. Ya nne aliniambia nilinganishe nyuzi, zimelegea. Hazikuwa zimelegea.

Asubuhi ya wiki iliyofuata nilifika Kiminini kutoka Kitale, nikamkuta ameinama kwenye kitalu kando ya jikoni, akipanda saga. Nilimwita kutoka langoni. Nilimwita tena nikiwa hatua kumi, kwa sauti yangu ya chini kabisa, ile ya kifuani. Hakugeuka, aliendelea kufukia mbegu. Kisha nikazunguka kitalu na zeze begani, nikaenda kusimama mbele yake, ili anione.